Mwaka wa Mburuzo

Habari ya kifo cha Mwalimu Aikaeli niliipata kwenye wasapu, kwenye kundi letu la wacheza ngoma wa zamani, wakati nachambua mchele. Aliyeituma aliweka picha za mishumaa, na chini yake wenzangu wakaanza kumiminika: pole sana, tumempoteza baba, tumempoteza mwalimu wa walimu. Nilimaliza mchele wangu, nikauosha, nikaubandika, ndipo nikakaa kitini na kuutazama mguu wangu wa kushoto. Sikulia. Tumezoea kwamba marehemu hasemwi vibaya, na mimi nimelisimamia hilo kwenye misiba mingi, hata ya watu ambao mtaa mzima ulipumua walipoondoka. Lakini siku ile nilijua kwamba huyu mmoja atanishinda.

Siku ya kuaga nilikwenda nyumbani kwake Upanga, maana mwili ulikuwa usafirishwe mchana kwenda Moshi kwa maziko. Turubai lilikuwa limejaa, viti vya plastiki havikutosha, nami nikapata nafasi nyuma kabisa kwenye mkeka pamoja na akina mama. Vijana wa kikundi chake walikuwa wamekaa pembeni na ngoma zao zimeanikwa juani ngozi zikaze, na kila mmoja wao, msichana na mvulana, alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Mshereheshaji akasoma wasifu wa marehemu. Akafika kwenye Mburuzo, ngoma ambayo siku hizi watoto wanaicheza mashuleni na kwenye kila sherehe yenye wageni, na akaeleza kwamba marehemu aliitoa kwa wanawake wa kusini waliokuwa wakiwasindikiza waume zao kwenda kukata mkonge, miguu ikikataa kuwaacha waende. Kitambaa cheupe, akasema, ni alama ya uaminifu wa mke. Mama aliyekaa karibu nami alijifuta machozi kwa pembe ya kanga. "Jamani," akasema, "watu wa zamani walipendana." Nikamwambia ndiyo, walipendana. Mimi ni mtu wa kusini, nimezaliwa huko, na katika maisha yangu sijasikia habari ya mwanamke aliyeburuza mguu kwa sababu mume amekwenda mkonge. Wapo ambao mume akiondoka walilala usingizi mzuri.

Mwaka ngoma ile ilipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nakaa Buguruni kwa binamu yangu, dada Fatu. Habari za kwetu na nani alinizaa hazina kazi hapa. Chumba chetu kilikuwa kimoja, pazia la kanga katikati, upande mmoja kitanda, upande mwingine jiko la mkaa na karai la dada Fatu la kukaangia mihogo. Asubuhi niliamshwa na mlio wa mafuta. Alinipa vipande vya mihogo na chachandu, chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, na juu yake maneno. "Mtu mzima unatoka hapa kwa miguu mpaka Kariakoo kwenda kucheza ngoma," alikuwa akisema bila kugeuka kwenye karai. "Kama ni kucheza, hapa Buguruni ngoma zipo kila Jumamosi, na pilau juu." Nilicheka, nikala, nikaondoka. Nilikuwa na mwili mwepesi na miguu miwili sawasawa, na mtu mwenye vitu hivyo haoni kwamba anavyo.

Kikundi chetu cha ngoma kilifanyia mazoezi uani, nyuma ya nyumba moja ya zamani Mtaa wa Mchikichi. Mbele kulikuwa na duka la ndoo na mabeseni, kisha ukumbi mrefu wenye vyumba kila upande, kimojawapo stoo ya dagaa na maharage, kisha ua wa saruji uliozungukwa na ukuta. Ukitoka pale jioni ulinuka dagaa hata kama hukugusa hata mmoja. Nyumba ilikuwa ya baba yake mchezaji mwenzetu Neema, mfanyabiashara wa jumla kutoka Kilimanjaro, na alituachia ua ule bure kwa sababu binti yake alipenda kucheza. Neema mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema mapema, kwa sababu ingekuwa rahisi kumfanya mbaya na hadithi ingenyooka. Alikuja na hotipoti ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kutoka kwa mama yake na kutugawia sote, na mimi alinichotea vipande vya nyama vilivyozama chini. Alicheza kama mtu anayesoma kwa sauti, kila neno mahali pake, hakosei, na ukimaliza kumtazama hukumbuki alichosoma.

Mwalimu Aikaeli alikuwa ametoka masomoni nje, kijana bado, shati limechomekwa, chaki mfukoni. Siku ya kwanza hakutuchezesha. Alitusimamisha kwenye saruji na kutuambia kwamba mtu yeyote anayejongea, awe anacheza au anakwenda kisimani, ana vitu vinne: mwili, nafasi, muda na nguvu. "Hakuna ngoma duniani yenye cha tano," akasema. Mzee Chande, mpigaji wetu, alikuwa amekaa kwenye gunia akikaza ngozi ya msondo. "Cha tano kipo, Mwalimu," akasema. "Njaa." Tukacheka mpaka Mwalimu naye akacheka. Kisha akaniita mimi. "Somoe, tembea mpaka ukutani urudi." Nikatembea kwa aibu. Akawageukia wenzangu na kuwaambia, "Mmeuona uzito wake? Anaukabidhi kwa ardhi, haubebi mabegani. Hicho mimi sikufundishwa kokote. Huyu amekuja nacho." Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Kule Buguruni nilikuwa mtu wa kuchota maji na kumenya mihogo, na hapa mtu aliyesoma ananitazama kana kwamba nimebeba kitu. Nilimpenda kwa hilo, si mapenzi ya mwanamke na mwanamume, bali ya mtu aliyeonwa na yule aliyemwona, na nadhani hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayana pa kuishia.

Miezi ile tulijifunza yale manne kama watoto wanaojifunza kula kwa mkono mmoja. Siku ya mwili tulikaa chini na kucheza kwa bega moja tu, kisha shingo tu, viungo vingine vimekatazwa. Siku ya nafasi alituchorea chaki sakafuni, tukapita juu, chini, pembeni, kinyumenyume, bila kugusana. Siku ya muda Mzee Chande alipiga na sisi tukachelewa makusudi, mguu ukishuka baada ya ngoma kusema, na hapo wengi walianguka kwa kicheko. Siku ya nguvu alitutaka turuke na kutua mara moja kama gunia na mara moja kama unyoya, kwenye saruji ile ile, bila viatu. Nikifikiria sasa nashangaa kwamba mtu aliyejua majina ya kila kitu hakujua saruji ni nini. Kwetu ngoma inachezwa kwenye udongo, na udongo unapokea.

Ndipo zikaja habari za safari. Kikundi kilialikwa kwenda kucheza nje, nafasi zikiwa chache, na Mwalimu akaamua kutengeneza ngoma mpya ya kusini, mimi nikiwa mbele. Aliniuliza bibi yangu alicheza vipi, mavuno yanachezwa vipi, nikamwonyesha, naye akavunja kila nilichoonyesha katika vipande vyake vinne na kukiunga upya. Mwishoni kulikuwa na mruko mmoja mkubwa ambao kwetu haupo, aliuweka yeye. Dada Fatu nilipomwambia nitapanda ndege aliacha karai. Jumapili ile alikwenda soko la Feri akarudi na samaki wa vibua, akavikaanga, akaita majirani na kuwaambia mdogo wake anakwenda Ulaya. Alisema hivyo hata kabla sijapata pasipoti.

Mguu uliumia kwenye mruko ule ule, mchana wa jua kali. Nilitua vibaya kwenye ukingo wa mfereji wa maji machafu uliokatiza ua, na nikasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja mua upande wa pili wa ukuta. Kifundo kikavimba hapo hapo. Mzee Chande aliinuka kwenye gunia lake. "Huyu apelekwe hospitali," akasema. "Kubwa iko hapo Upanga, hata nusu saa haifiki." Mwalimu alikuwa amepiga goti amenishika wayo. Akasema kwa sauti ya upole, "Umeteguka tu, Somoe. Lakini ukienda kule watakufunga plasta ngumu, na ukifungwa plasta ngumu safari ndiyo basi. Mimi sikulazimishi. Sema mwenyewe." Nimeyapima maneno yale kwa miaka mingi. Alijua nitasema nini. Msichana wa miaka kumi na tisa, majirani wameshakula vibua vya safari yake, unamuuliza asafiri au afungwe mguu, kisha unasema hukumlazimisha.

Basi akaitwa mama mmoja wa mtaa wa Gerezani mwenye sifa ya kukanda. Alinikanda kwa maji ya moto ya chumvi na mafuta ya nazi, akivuta kifundo huku na huku kutafuta mshipa uliokaa vibaya, nami nimeuma kanga meno yasigongane. Alikuja tena na tena. Ndivyo tulivyofanya wote, na tunafanya hata leo: kiungo kikivimba, kikande. Hakuna aliyejua kwamba anachokikanda si mshipa bali mfupa uliovunjika. Kisha Mwalimu akachana shuka jeupe, akanifunga kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, na nikarudi kwenye mstari.

Niliweza kucheza, lakini mguu wa kushoto ulikataa kunyanyuka. Niliutanguliza ule mzima, huu mwingine nikauvuta nyuma, vidole vikikwaruza saruji, nusu ya mwili imefika na nusu bado iko njiani. Siku ya kwanza Mwalimu aliinua mkono ngoma zikanyamaza, nami nikainamisha kichwa kusubiri karipio. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akanizunguka, akachuchumaa, akautazama mguu kutoka chini. "Mnaona?" akawaambia wengine, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Mwili umegawanyika. Nafasi ile ile, lakini viungo viwili viko mahali pawili. Muda umechelewa bila kukosea. Na nguvu inaingia chini, haitoki. Hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana." Kisha akaniuliza, "Unafikiria nini unapouburuza?" Nikamjibu, "Nafikiria kwamba unauma, Mwalimu." Alicheka, akanipiga begani kidogo. Wiki iliyofuata ngoma ilikuwa na jina, na wake wa wakata mkonge walikuwa wamezaliwa.

Wenzangu wote waliufuata mguu wangu. Nilisimama mbele yao, wao wakatazama jinsi ninavyochechemea na kuchechemea vile vile, na nilijisikia mkubwa, lazima niseme. Kila nilipopata maumivu mapya Mwalimu aliyapatia mahali kwenye ngoma. Nilikuwa nauma midomo, akasema uso uwe hivyo hivyo. Dada Fatu alinitazama nikivuka chumba kwenda kwenye pazia na akasema, "Huo mguu si wa kuteguka. Mguu wa kuteguka mtu anausahau siku moja moja." Nikamjibu hajui mambo ya sanaa. Alinichotea mihogo.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kwenye stoo ya dagaa, mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, mlango umerudishwa. Mwalimu na Mzee Chande walikuwa ukumbini, nami nikawasikia bila kutaka. Mwalimu alikuwa anasema, "Somoe hawezi kuruka tena, umeona mwenyewe. Neema atakaa mbele." Mzee Chande akakohoa. "Sawa. Na ule mburuzo? Ule ni wa mtoto wa watu." Mwalimu akamjibu bila hasira, kama anavyoeleza somo, "Mburuzo si wa mtu, Chande. Ni wa ngoma." Mzee Chande akasema, "Mguu je, ni wa nani?" Nilibaki nimeutazama mguu ndani ya maji, umevimba, mweupe kwa chumvi, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba wakati wote ule Mwalimu alikuwa anautazama mguu na hakuwa ananitazama mimi.

Kesho yake alinikalisha chini na kuniita mwanangu. Akasema msanii wa kweli anatoa, na kazi yangu sasa ni kumfundisha Neema. Nikamfundisha. Watu huniuliza, wale wachache niliowasimulia, kwa nini sikuondoka siku ile ile. Nilidhani nikiwa wa maana sana hawataweza kuniacha. Neema alijaribu, jamani alijaribu mpaka jasho likamlowesha, lakini mguu wake ulikuwa mzima, na kila alipouvuta ulitaka kusimama wenyewe na kubeba uzito. "Dada Somoe, siupati," alikuwa akiniambia karibu na kulia. "Nishike hapo, nionyeshe unaanzia wapi." Mwalimu alitutazama kwa muda, akaja, akapiga goti mbele yangu. Akafungua kitambaa cheupe mguuni mwangu, taratibu, akakikunjua, kikiwa bado na joto langu na mafuta ya nazi. Kisha akageuka na kumfunga Neema, akakaza kweli kweli mpaka Neema akasema ai. "Sasa tembea," akasema. Neema akatembea, na ulikuwa ule ule. Wote wakapiga makofi. Mimi nilisimama pale na kifundo kilicho uchi, nikapiga makofi nao.

Waliondoka bila mimi. Dada Fatu ndiye aliyenipeleka hospitali, akiwa ameacha karai lake la mihogo siku nzima, na njia nzima hakuniambia "nilikwambia". Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani. Mfupa ulikuwa umevunjika na umeunga wenyewe kombo. "Nani alikukanda?" akauliza. "Ungekuja siku ile ile ningekufunga, ukapumzika, leo ungekuwa unakimbia." Alisema wanaweza kuuvunja tena na kuunyoosha, ila hakuahidi, na dada Fatu hakuwa na uwezo wa kulipia kitu kisichoahidiwa. Tukarudi Buguruni. Kikundi kiliporudi, magazeti yaliandika, Mwalimu akawa mtu wa kualikwa huku na kule, na Neema akaja kunitembelea na zawadi. Vilikuwa viatu vya visigino virefu, vyekundu, vizuri sana. Alipovitoa kwenye boksi akautazama mguu wangu, akaviweka chini, akalia sana. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Mwalimu hakuja. Nilimwona miaka mingi baadaye Kariakoo, sokoni, ananunua vitambaa vyeupe vya vijana wake, na mimi nikichagua nyanya. Aliniona nikija. Alinitazama mguuni kabla ya usoni, akasema, "Somoe, bado unao." Alisema kama mtu anayenisifu kwa kukitunza kitu chake. Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba, akalipia vitambaa, akaenda. Usiku wa kuamkia kuaga mwili wake nilikuwa nimeyapanga maneno ambayo ningemwambia pale sokoni, nikaamua nitayasema kwa sauti ndogo nikifika kwenye jeneza. Nilikwenda Upanga kwa ajili hiyo tu.

Mchungaji alipomaliza, mshereheshaji akawapa vijana nafasi yao, na ngoma zikalia. Wakaingia kwa mistari, vitambaa vyeupe, wanaburuza, nyuso zimekunjwa kidogo na midomo imeumwa kama nilivyokuwa nikiuma mimi. Walikuwa wazuri, siwezi kudanganya. Kisha ngoma zikashuka, watu wakaitwa kutoa heshima za mwisho. Neema alikuwa viti vya mbele, mama mnene sasa, miwani mikubwa. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akanipungia nitangulie. Nikainuka mkekani. Watu wakanipisha njia katikati ya turubai, nami nikaanza kwenda, kwanza wa kulia, kisha huu mwingine ukifuata nyuma, kandambili ikikwaruza sakafu. Sijui nani alianza. Nadhani ni kijana wa chapuo, ile ngoma ndogo. Aliona mguu wangu, akadhani mwanafunzi wa zamani anamuaga mwalimu wake, akanipigia. Msondo ukamfuata. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, simu zikainuliwa juu, na watu wakaanza kupiga makofi, wanafuata mguu wangu.

Nilijaribu kutembea sawa, nakuambia kweli. Nilikaza goti, nikabana meno, nikatafuta namna ya kuweka ule mguu chini kama watu wanavyoweka miguu, na kadiri nilivyojitahidi ndivyo ulivyozidi kuchelewa, na makofi yakazidi. Neema peke yake hakupiga. Alikuwa ameinama anatazama mikono yake mapajani. Nilifika kwenye jeneza, nikamwona Mwalimu, amechongoka, shati limechomekwa vile vile, na maneno yangu yote nilikuwa nayo mdomoni. Ngoma zilikuwa juu mno. Hata mimi nisingejisikia.

Nilipotoka nje ya turubai kupunga upepo, msichana mmoja wa kikundi alinikimbilia, amelowa jasho, anatweta. "Shikamoo mama," akasema. "Marahaba mwanangu." Akatazama chini kwenye mguu wangu kwa heshima. "Mama, umeuburuza vizuri mno. Sisi tunahangaika nao kila siku. Ni marehemu ndiye aliyekufundisha?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Mimi nilikuwa natembea tu." Akacheka sana, akadhani namtania, kisha akainama na kukaza kitambaa chake cheupe, maana kilikuwa kimelegea.